Kilo Mbili za Sampuli

Jumatatu, 20 Mei 1996

Naanza daftari hili kwa kusema ukweli: kuanzia hapa Shirere mpaka kule msituni kwa nyani, hajazaliwa mtu wa kunishinda akili, na hao wanaodhani wamewahi kunishinda walinikuta sijala. Jina langu ni Andati. Nina miaka kumi na minane. Shule niliiacha kidato cha pili, ama tuseme tuliachana, mimi nikiwa sina karo na mwalimu mkuu akiwa hana majibu ya maswali yangu. Kiingereza nilichobaki nacho kinatosha kumtisha mtu yeyote ambaye si Mwingereza.

Leo ndiyo siku jina langu limeanza kupanda. Nilipita langoni mwa ile shule ya bweni ya wasichana (siitaji kwa jina, daftari huokotwa) nikaona karatasi imebandikwa. Tenda ya kuleta maharagwe makavu, magunia ishirini kila muhula, mwaka mzima kuanzia Julai. Kikundi chochote kilichosajiliwa kinaweza kuomba.

Sasa, Senje Khalayi, dada ya marehemu baba yangu, ambaye ninaishi kwake, ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kinachoitwa Tujikaze. Ni wanawake kumi na mmoja. Wamesajiliwa, wana muhuri, na wana maharagwe. Lakini kila msimu maharagwe hayo yanachukuliwa na Erastus wa Ekero, mwenye lori, ambaye gorogoro yake, ule mkebe wa kupimia, imegongwa kwa ndani mpaka ikaota tumbo, na juu yake bado anaweka kilima. Kisha huyo huyo anayapeleka shule hiyo hiyo kwa bei anayotaka. Akina mama wanalia kila mwaka, na kila mwaka wanamwita tena.

Nilimwambia Senje, "Mwaka huu hamtamwita Erastus. Mtaniita mimi."

Akasema, "Kwanza kuni."

Jumanne, 21 Mei

Mvua. Nimepasua kuni.

Ijumaa, 24 Mei

Mkutano wa Tujikaze, nyumbani kwetu. Nilisimama nikaeleza habari ya tenda kwa lugha ambayo ingemtoa mbunge jasho. Wote walinyamaza isipokuwa Musimbi.

Huyu Musimbi ndiye mtunza stoo. Kukausha, kupepeta, kupakia, kushona midomo ya magunia kwa uzi wa bluu wa sweta, yote ni yeye. Ana mikono kama koleo na mdomo wa kufanana nayo.

"Huyu ndiye atatuandikia?" aliuliza, akimwangalia Senje kana kwamba mimi sipo. "Huyu aliyeandikia chifu barua ya kuomba radhi, chifu akakasirika upya?"

"Chifu hakuelewa msamiati," nikasema.

"Na hao wa shule wataelewa?"

"Wale wamesoma, Mama Musimbi. Si kama watu wengine."

"Aa. Nimesikia. Mimi sijasoma. Lakini sijawahi kufukuzwa mahali."

Wakacheka. Senje alinyoosha mkono. "Musimbi, mwache ajaribu. Akiharibu karatasi tutaandika nyingine."

"Karatasi ya tenda hairudiwi, Khalayi. Ukishatia kwa sanduku, imeenda. Huyu kijana anapendanga kusifiwa kuliko kitu chochote. Mimi nimesema."

Walipiga kura. Wanane waliinua mkono, mmoja alikuwa ananyonyesha, mmoja amelala, na Musimbi akakunja mikono yake. Tumeshinda. Nimeweka jina lake mahali kichwani mwangu, kuna siku atanipigia magoti.

Jumatano, 29 Mei

Nimechukua fomu shuleni. Mtunza bohari pale ni mzee anaitwa Wangila, mwembamba, koti la kijivu, kalamu tatu mfukoni. Nadhani alicheka mara ya mwisho siku ya uhuru. Aliniuliza ninaomba kwa niaba ya nani, akaandika. Aliniuliza kama ninajua kusoma masharti yaliyo nyuma ya fomu. Nikamwambia mimi ndiye ningeweza kuyaandika. Hilo hakuliandika.

Mlangoni nikakutana na Erastus mwenyewe, ameshika fomu yake, tumbo limetangulia.

"Profesa," akasema, "nasikia umekuwa mfanyabiashara."

"Nimekuja kukupumzisha, Bwana Erastus. Umebeba mzigo huu miaka mingi."

"Miaka tisa. Na hapo kwa swali la gari utaandika nini? Wilbaro?"

"Nitaandika kwamba maharagwe yetu hayana mawe, kwa hiyo ni mepesi kubeba."

Alicheka, lakini macho hayakucheka. Akanishika bega, akabonyeza kidogo, mahali penye mfupa. "Waambie wale mama zako wasiniite tena, basi. Wakiniita baadaye, bei itakuwa nyingine."

Bega bado linauma. Sijamwambia Senje.

Jumamosi, 8 Juni

Nilifikiri kuandika tenda ni kuandika. Niliketi siku nne, nikatoa kurasa tatu ambazo mimi mwenyewe nilizisoma nikapigwa na butwaa. Nikazipeleka kwa Dinah anayetaipu kwenye baraza karibu na posta. Alisoma mistari miwili, akaziweka chini.

"Andati, hii ni tenda ama ni posa?"

"Soma mpaka mwisho, Dada Dinah. Mwishoni inapanda."

"Hapa wameuliza mtaleta mzigo kwa gari gani. Wewe umeandika historia ya njaa tangu wakati wa babu yako."

"Nilitaka waelewe moyo wetu."

"Hawanunui moyo. Wakiuliza gari, jibu gari. Wakiuliza benki, weka barua ya benki. Wakiuliza mliwahi kuuzia nani, taja watu wenye anwani. Umeandika nini hapa? Wapishi wa matanga, wilaya nzima?"

Tulianza upya. Lazima niseme huyu dada ana kichwa, ingawa si kama changu. Gari nimepata: pikapu inayobeba simiti ya wajenzi huko Mukumu, dereva wake Kipsang amekubali kutubebea. Barua ya benki Senje ameileta. Wateja ni hoteli mbili za mjini.

Bei ilipofika aliniziba mdomo. Watu wote wanaoomba tenda wanataipishanga kwake. "Iandike kwa karatasi, nikimaliza nichome. Ya Erastus pia iko hapa, na usiangalie upande huo."

Niliangalia. Karatasi ilikuwa imelala kifudifudi.

Mwisho akanisomea yale masharti ya nyuma, moja baada ya jingine, kwa sauti ya kanisani. Moja lilisema mzigo wote utakaoletwa utalingana na sampuli. Akanitazama. "Hilo umelisikia?"

"Nimelisikia. Taipu."

Jumanne, 11 Juni

Mvua ya mawe. Maharagwe ya Senje yalikuwa yamevunwa nusu. Yale yaliyobaki shambani yamelala chini kama yamepigwa na askari. Musimbi amekuja hapa tangu asubuhi na turubai lake, anaamrisha watu katika boma la mtu mwingine. Anika. Kunja. Anika tena. Jua likitoka dakika kumi, tunakimbia nje, wingu likipita tunakimbia ndani. Nilipumzika kidogo tu kwenye kizingiti nikifikiria mambo ya tenda.

"Unafanya nini hapo?"

"Natumia akili."

"Ilete hiyo akili tuianike, inaonekana ina maji."

Akanitupia gunia bichi usoni. Mbele ya wasichana wa jirani.

Alhamisi, 13 Juni

Mvua.

Ijumaa, 14 Juni

Mvua. Musimbi.

Jumamosi, 15 Juni

Mvua saa nane. Musimbi kutwa nzima.

Jumatano, 19 Juni

Kesho kutwa ndiyo mwisho wa kupeleka. Bahasha iko tayari. Imebaki sampuli, kilo mbili, ndani ya mfuko wa kitambaa wenye jina la kikundi.

Musimbi alifungua gunia la katikati, si la juu wala la chini, akatia mkono mpaka kwapani, akachota. Akapima, akanipa. Nikachungulia. Siwezi kusema ni mabaya. Ni rosekoko, yenye madoa mekundu. Lakini punje hii kubwa, hii ndogo, hii imepasuka kidogo, hii ina alama ya mvua, na katikati kipande cha ganda kimejilaza kama mgeni aliyekosa kitanda.

"Mama Musimbi, hii ndiyo unataka niweke mbele ya bodi ya shule?"

"Ndiyo tuliyonayo."

"Si ungechagua hata kidogo."

"Nikichagua ya kuonyesha, ya kupeleka nitaitoa wapi? Chukua hivyo hivyo. Na usitie mkono wako."

Alivyosema mkono wako ni kama mtu anayesema panya.

Sasa ona akili. Senje alikuwa ameenda kumwangalia mgonjwa hospitalini Mukumu, mvua imefunga mlango, nyumba ni yangu. Chumba cha nyuma kulikuwa na magunia matatu ya Senje mwenyewe. Nikayamwaga moja moja kwenye mkeka, nikaketi, nikachagua punje kwa punje tangu saa nne mpaka saa kumi. Zote ukubwa mmoja. Zote zimejaa sawasawa, madoa yamepangika kama kitenge. Nilikataa punje ambazo gavana wa Mwingereza angezila akashukuru. Zilipofika kilo mbili nikachovya kitambaa kwenye mafuta ya kupikia, kidogo tu, nikazipangusa mpaka zikaanza kunitazama.

Zile za Musimbi zilikuwa jikoni zinachemka muda huo wote. Senje alirudi amelowa, akakuta obusuma, ugali wetu, na maharagwe mezani. Akauliza yametoka wapi. Nikasema Mama Musimbi ametutumia.

"Unaona," Senje akasema, "moyo wake si mbaya. Ni mdomo tu."

Nikamwongezea mchuzi.

Ijumaa, 21 Juni

Leo naandika kwa kirefu, kwa sababu historia itahitaji.

Saa nne kamili bursa, mtunza fedha wa shule, alifungua sanduku la tenda mbele yetu sote. Tulikuwa watano tulioomba. Senje alivaa ile gauni ya harusi za watu. Bahasha zikapasuliwa moja moja na bei zikasomwa kwa sauti. Ya Erastus ikasomwa. Yetu ikasomwa, na ilikuwa chini yake kwa shilingi tano kila kilo. Nikasikia Senje akivuta pumzi.

Halafu sampuli. Zilimwagwa kwenye sahani tano nyeupe juu ya meza ndefu. Mwalimu mkuu, mama mrefu mwenye miwani, akapita akiangalia. Ya kwanza, akapita. Ya pili, akapita. Ya tatu ilikuwa ya Erastus: vumbi, punje zenye matundu ya wadudu, na jiwe moja ambalo nililisalimia. Akafika kwetu. Akasimama. Akaokota punje akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Haya ni ya kupika au ya kuvaa shingoni?"

Chumba kizima kilicheka, na safari hii hawakuwa wananicheka mimi. Akauliza, "Mnaweza kuleta namna hii magunia ishirini?"

Senje alifungua mdomo. Nilisimama kabla hajasema.

"Madam, huko kwetu haya ndiyo ya kawaida."

Wangila aliandika hilo. Nilimwona akiliandika, na kwa kalamu ya pili akalipigia mstari.

Kila sampuli ilirudishwa katika mfuko wake, Wangila akadondosha lakiri nyekundu kwenye mdomo, bursa akatia sahihi, mifuko ikafungiwa kabatini. Nje nilimkuta Erastus akiwasha sigara.

"Bwana Erastus, lile jiwe linauzwa kwa kilo ama ni zawadi?"

"Profesa, miaka tisa naleta mzigo hapa. Sijawahi kurudishwa hata gunia moja. Uliza kwa nini."

"Kwa sababu unawahonga."

"Uliza vizuri," akasema, akapanda lori lake.

Ijumaa, 28 Juni

Barua imekuja. Tumepewa tenda.

Senje alilia, kisha akachinja ingokho, kuku wawili wazima. Wanawake waliimba kuanzia lango mpaka jikoni. Mimi nilipewa firigisi, na kila mtu anajua firigisi haipewi mtoto. Nilitoa hotuba. Nilisema Tujikaze sasa inaweza kuomba tenda za hospitali, za magereza, za jeshi. Senje alisema ameanza kuota paa la mabati kwa kila mwanachama. Wamekubaliana wote: hakuna hata gorogoro moja itakayouzwa kwa Erastus, maharagwe yote yanakuja stoo.

Musimbi hakuingia ndani. Alikuwa nje anafua magunia. Nilimpelekea sahani ili anione vizuri.

"Ile sampuli niliyochota," akauliza bila kuinua kichwa, "walisemaje?"

"Walishangaa."

"Maharagwe ya kawaida yanamshangaza nani?"

"Wamezoea ya Erastus."

Akalikamua gunia alilokuwa analifua. Kisha akachukua sahani.

Jumatano, 3 Julai

Jua. Tumeshona magunia. Vidole vimeisha.

Jumatatu, 8 Julai

Sijui nianze wapi.

Kipsang alifika na pikapu saa mbili, akapiga safari tatu. Akina mama saba walitangulia kwa miguu, wamevaa vitambaa vya kichwa vya rangi moja. Magunia ishirini yakapangwa mbele ya bohari ya shule. Musimbi alikuwa ameyapepeta mara mbili. Hakuna jiwe, hakuna mdudu, hakuna unyevu. Hata mimi, ninayemchukia, nasema hivyo.

Wangila alitoka na mfuko wetu wa sampuli. Akakata lakiri mbele yetu. Akamwaga konzi moja kwenye sinia, upande wa kushoto. Akachoma gunia la kwanza kwa kile chuma chao cha kuchotea, akamwaga konzi upande wa kulia. Akarudi akachoma la saba, akachoma la kumi na tano.

"Haya ni ya nani?" akauliza, akionyesha kushoto.

"Yetu," Senje akasema.

"Na haya?"

"Yetu pia."

"Basi nionyesheni shamba lililozaa haya, na shamba lililozaa yale."

Nilidhani ni mzaha, nikacheka. Nilikuwa peke yangu.

"Bwana Wangila," Senje akasema, "maharagwe ni maharagwe. Wasichana watakula washibe. Angalia, ni safi."

"Ni safi, mama. Mimi sikatai chakula chenu. Nakataa karatasi yenu. Karatasi inasema mzigo utalingana na sampuli, na mtu wenu akasimama mbele ya bodi akasema haya ndiyo ya kawaida. Nikipokea yale, mkaguzi akija atafungua kabati, atauliza mazuri nimeyapeleka wapi. Mwenye kuiba hapo ni nani? Ni mimi."

Alitupa siku kumi tulete yanayolingana.

Musimbi alikuwa amesogea kwenye sinia. Aliokota punje moja ya kushoto, akaisugua kwa kidole gumba, akainusa. Akaangalia kidole.

"Hii ina mafuta," akasema.

"Musimbi, stoo ni yako," mama mmoja akamjibu. "Mazuri yako wapi?"

"Sijawahi kuwa na mazuri namna hii."

"Basi yalitoka wapi? Yalianguka na mvua?"

Walianza hivyo. Njiani kurudi mvua ilitunyeshea. Wengine walisema Musimbi alichanganya ya mwaka jana. Wengine walisema ameyauza mazuri huko kando. Vitambaa vya kichwa vilichuja rangi shingoni mwao. Mimi nilitembea nyuma kabisa, nikisukuma baiskeli isiyo na pancha.

Naweka hapa hoja yangu. Ni kweli nilichagua. Lakini nilichagua kutoka magunia yetu wenyewe. Kama punje hizo zimo ndani, kwa nini mtunza stoo asizitoe zote? Hiyo ndiyo kazi yake. Wangila naye ni mtu wa Erastus, inaonekana wazi.

Ijumaa, 12 Julai

Wanawake wote wako kwetu wanachagua punje kwa punje. Watoto pia. Hakuna anayeimba.

Jumatatu, 15 Julai

Bado. Kutoka magunia ishirini tumepata matano na kitu. Mama aliyekuwa ananyonyesha amekaa na mtoto mgongoni tangu asubuhi. Macho yanauma. Musimbi anachagua peke yake, kwenye kona, na hakuna anayempa chai.

Alhamisi, 18 Julai

Tumepeleka hayo matano. Wangila akamwaga, akalinganisha. Alikaa muda mrefu, nadhani alitaka kutusaidia, na hilo lilinichukiza zaidi. "Ukubwa umekaribia," akasema. "Lakini hayang'ai. Na ni matano." Mchana bursa akatupa barua. Tenda imefutwa, inakwenda kwa aliyefuata kwa bei, Erastus.

Senje aliikunja barua mara nne, akaitia kwenye mkoba, akasema twende nyumbani.

Jumamosi, 20 Julai

Mkutano umefanyika. Musimbi si mtunza stoo tena, wala si mwanachama. Leo haikunyesha.

Jumatano, 24 Julai

Erastus amekuja na lori. Walimwita wenyewe. Gorogoro ni ile ile ila kilima ni kirefu zaidi, na bei ni ile aliyoniahidi siku aliponishika bega. Nilijificha chooni mpaka akaondoka. Alichukua yote, hata yale matano tuliyochagua, akayamwaga pamoja na mengine mbele ya Senje, kwa ajili ya kuona uso wake, kisha akawaachia akina mama kazi ya kuyashona upya kwa uzi ule ule.

Ijumaa, 26 Julai

Nilienda shuleni kumtukana Erastus. Nilikuwa nimeyapanga matusi vizuri, kwa ngazi. Nikakuta lori lake linapakuliwa mbele ya bohari. Magunia ishirini. Midomo imeshonwa kwa uzi wa bluu wa sweta.

Wangila alichoma moja, akamwaga konzi kwenye sinia, akaangalia, akaitikia kwa kichwa, akaandika. Nikamwendea.

"Mzee Wangila, hayo ni yetu."

"Najua. Nimeyajua kwa uzi."

"Uliyakataa."

"Niliyakataa yakiwa na sampuli yenu." Akavuta sinia karibu. Upande wa kushoto kulikuwa na ile takataka ya Erastus, vumbi, matundu, na lile jiwe. "Hii ndiyo sampuli yake. Aliahidi mabaya, ameleta mazuri. Nimrudishe kwa kosa gani?"

Niliokota lile jiwe, nikalirudisha kwenye sinia.

"Mngeniletea konzi yoyote kutoka gunia lolote," akasema, "wale mama wangekuwa na tenda hii mwaka mzima. Nani alichagua zile punje?"

Nikasema sijui.

"Basi ukimjua, mwambie ana macho mazuri."

Erastus alikuwa ameegemea lori. "Umeuliza vizuri sasa?" akasema. "Mwakani njoo uniandikie mimi. Nalipa."

Yale matusi yote nilirudi nayo nyumbani.

Jumatatu, 29 Julai

Nimepasua kuni. Hakuna aliyeniambia.

Jumapili, 4 Agosti

Senje ameenda kanisani peke yake. Tangu nianze kuishi hapa wamekuwa wakienda pamoja, yeye na Musimbi, na Musimbi alikuwa akiita kutoka barabarani, "Khalayi, Mungu atachoka kungoja." Leo Musimbi alipita upande ule wa pili wa barabara, hakuita, na Senje alingoja apite kwanza ndipo akatoka.

Niliketi kuandika kilichoharibu tenda yetu, ili mtu akiniuliza nimpe jibu lililopangwa, kama Dinah alivyonifunza. Niliandika mvua, nikafuta. Mvua haikudhuru kitu, Musimbi aliyakausha yote. Niliandika Wangila, nikafuta. Nikaandika Erastus, huyo nikamwacha kwa muda kwa sababu simpendi, halafu naye nikamfuta. Nikaandika sampuli. Hiyo ni kweli na ni yangu. Lakini hata hiyo ningeweza kuibeba. Wangenitukana, wangenipasulisha kuni za nyumba kumi na moja mpaka Krismasi, Musimbi angenisema mpaka nioe, kisha tungeandika tenda nyingine.

Siku ya mkutano sikuandika. Naandika sasa.

Walikuwa wamekaa sebuleni kwetu, Musimbi amesimama. Hakupiga kelele. Alisema alitia mkono kwenye gunia la katikati, akachota bila kuchagua, akanipa mimi. Alisema ile punje ya shuleni ilikuwa na mafuta, na yeye hajawahi kupaka maharagwe mafuta katika maisha yake. Wakamwambia aache kuzunguka, aseme mazuri aliyauza wapi. Hapo ndipo akanigeukia. Msimu mzima ameniita kijana, ameniita mdomo, ameniita hasara ya Khalayi. Siku hiyo aliniita mwanangu.

"Andati mwanangu, wewe ulikuwepo. Waambie. Zile kilo mbili nilizokupa, ndizo ulizopeleka?"

Wanawake wote waliniangalia. Senje aliniangalia, na niliona usoni mwake kwamba chochote nitakachosema, atakiamini. Hakuna aliyeniharakisha. Lilikuwa neno moja tu, na nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kulichagua.

Nilisema ndiyo.